Mwandishi wa Takwa: Kumkumbuka Gakaara wa Wanjau

(Hotuba iliyotolewa Kipungani, kisiwani Lamu, mbele ya wazee wa mji, waumini wa makanisa na wanaharakati wa mageuzi)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya mtu aliyekufa mwaka 2001. Hakuzaliwa hapa, hakuzikwa hapa, wala hakuja visiwa hivi kwa hiari yake. Jina lake ni Gakaara wa Wanjau, mwenyeji wa Nyeri, aliyekuwa askari, mwandishi, mchapaji wa vitabu, mume wa mke na baba wa watoto. Aliletwa Manda akiwa chini ya ulinzi, akawekwa katika kambi ya Takwa, karibu na magofu ya mji wa kale ambao watu wa Shela huuhesabu kuwa asili yao.

Jana usiku, tulipokuwa barazani, mzee mmoja wa mji huu alituuliza swali ambalo hatuna budi kulijibu kabla ya kuondoka. Alisema: "Wanangu, mwatuletea habari za mtu wa bara. Watu wa bara walipewa mashamba Mpeketoni, na sisi wenye visiwa hatuna hata hati ya kiwanja tunacholalia. Huyo wenu atuhusu nini?"

Swali hilo si la chuki. Ni swali la haki, na limekaa vifuani mwa watu wa Lamu tangu mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulipoanzishwa katika miaka ya 1970. Wala hatutalipaka mafuta ili liteleze. Tunaomba tu ruhusa ya kusimulia kwanza, kisha tujibu.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ya Nyeri, akalelewa chini ya kivuli cha misheni ya Presbiteri ya Tumutumu. Alisoma Alliance High School, shule ambayo ilikuwa kilele cha elimu kwa mtoto wa Kiafrika wa wakati ule, akafukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi. Mwaka 1940 akaingia katika jeshi la Mwingereza. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha kuwasha moto mpaka wa kaskazini, na vijana wetu walipelekwa kuwatoa Waitalia Ethiopia. Wakenya Waafrika karibu 100,000 walitumikia jeshi katika vita vile. Huenda wamo babu zenu humu, maana vita havikuuliza mtu dini wala kabila.

Askari wale walirudi na nini? Maofisa wa Kizungu walitengewa mashamba katika nyanda za juu chini ya mpango wa makazi ya wanajeshi. Mwafrika aliyelala handaki moja nao alirudi na koti lake, na kipande chake cha kumwonyesha polisi njiani. Ndugu wapenzi, shina la mengi yaliyofuata katika nchi hii ni hapo. Mtu aliyeambiwa kwamba anapigania uhuru wa ulimwengu hawezi kurudi nyumbani akakubali kuwa mtumwa katika kijiji alichozaliwa.

Gakaara hakushika bunduki tena. Alishika kalamu. Mwaka 1946 alitoa kitabu juu ya habari za uposaji na ndoa, na tunaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mtu huyu tangu mwanzo alikuwa akiwaza habari za nyumba: vijana wataoaje, mke na mume watakaaje, watoto watalelewaje katika nchi ambamo ujira wa baba haumtoshi hata yeye mwenyewe. Mwaka 1948 akatoa kijitabu cha siasa, nacho hakukiandika kwa Kigikuyu. Alikiandika kwa Kiswahili, akakiita "Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika". Alitaka maneno yake yavuke milima ya kwao. Kwa hiyo, mzee wetu, miaka mitano kabla ya mtu huyu kuletwa katika maji yenu, alikuwa amekwisha kusema nanyi kwa lugha yenu.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Usiku ule viongozi na waandishi zaidi ya 100 walitolewa vitandani mwao, na Gakaara alikuwa mmoja wao. Alipelekwa kwanza Kajiado, kisha akaletwa Manda.

Hapa sisi wanasheria hatuna budi kusimama kidogo, maana kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mfungwa ni mtu aliyeshtakiwa, akasikilizwa, akahukumiwa, akaambiwa siku atakayotoka. Aliyewekwa kizuizini hana shtaka, hana hakimu, hana siku. Karatasi moja yenye sahihi ya mkubwa inatosha kumla miaka. Achieng Oneko, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alishinda rufaa yake mwaka 1954, naye hakupewa njia ya kwenda kwake. Alikamatwa papo hapo kwa amri ya kizuizini, akaletwa Manda vilevile. Mahakama ilisema hana hatia, na serikali ikasema atakaa ndani. Ikiwa hukumu ya mahakama haimfungulii mtu mlango, basi nchi hiyo ina mahakama ya mapambo.

Ninyi mnakijua kisiwa cha Manda kuliko sisi. Mnajua chumvi ya visima vyake na jua la upande wa Takwa. Watu wa milimani, waliozoea mito ya maji baridi, walitupwa huko wahesabu siku. Wengine walisoma, wengine walifundishana, wengine walivunjika moyo. Gakaara aliandika. Aliandika kwa siri, siku kwa siku: nani kaletwa, nani kahamishwa, chakula gani kimetolewa, mkubwa wa kambi kasema nini. Alihifadhi barua na nyaraka. Alijua kwamba akionekana nazo ataadhibiwa, na bado akaandika tarehe juu ya kila jambo.

Naye hakuandika siasa peke yake. Wanazuoni waliochunguza nyaraka za waliozuiwa, za Gakaara zikiwamo, wanatuambia kwamba sehemu kubwa ya barua walizowaandikia wake zao ni mambo ya nyumbani: karo za shule, adabu za watoto, mifugo na mashamba, maelewano na jamaa. Barua hizo zilipita mbele ya macho ya mkaguzi. Hebu fikirini mwanamume anayejua kwamba kila neno la mapenzi kwa mkewe litasomwa kwanza na askari, na bado akaandika. Serikali ilikuwa imemwambia ulimwengu kwamba watu hawa ni wanyama wa msituni wasio na nyumba wala utu. Kila barua iliyouliza kama mtoto amekwenda shule ilikuwa ushahidi wa kuukanusha uongo huo.

Mkewe, Shifra Wairire, hakubaki nyuma akimsubiri kwa amani. Yeye naye alikamatwa akawekwa kizuizini. Basi jiulizeni: baba yuko Manda, mama yuko ndani, watoto wako kwa nani? Tunapoandika historia ya mapambano tunahesabu majenerali, wala hatuwahesabu bibi na shangazi waliopokea watoto usiku, wakawalisha miaka kwa jembe moja. Hao ndio waliozishika nyumba ambazo sheria ilitaka zianguke.

Ndugu waumini, hatukuja kumfanya Gakaara malaika. Mwaka 1952, kabla ya kukamatwa, alichapisha imani ya Gikuyu na Mumbi, aliyoifuatisha na mwenendo wa Imani ya Mitume inayosomwa makanisani kila Jumapili. Kuna Wakristo walioumia kwa jambo lile, na hatuwaambii kwamba hawakuwa na haki ya kuumia. Viapo viligawanya nyumba, ndugu akamwogopa ndugu, na wako waumini waliouawa kwa kukataa kula kiapo. Kumbukumbu inayoficha upande mmoja ni propaganda tu. Lakini tunasema hivi: kama maneno ya Gakaara yalikuwa kosa, palikuwa na mahakama Nyeri na palikuwa na mahakama Nairobi. Wangemshtaki. Hawakumshtaki, kwa sababu kesi ina pande mbili, nao hawakutaka kuusikia upande wa pili.

Alikaa ndani, kambi kwa kambi, hadi hali ya hatari ilipokaribia mwisho wake. Jirani yenu huko Hola, katika nchi ya Mto Tana, wenziwe 11 walipigwa mpaka wakafa tarehe 3 Machi 1959. Yeye alirudi kwake akiwa hai. Alirudi kwa mkewe, akarudi kwa kalamu. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya koo za Wagikuyu, na kwa miaka mingi akaendesha kazi yake ya uchapaji Karatina, akiandika hadithi na magazeti kwa lugha ya mama. Karatasi za kizuizini zilikaa, hata mwaka 1983 zikatoka kuwa kitabu. Mwaka 1984 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vilivyochapishwa Afrika.

Mngedhani kwamba nchi huru ingemwacha mzee wa namna hii apumzike. Haikumwacha. Mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, Gakaara alikamatwa tena, akiwa na umri wa miaka 65. Waliomkamata mara hii walikuwa watoto wa uhuru alioulilia.

Yaliwezekanaje hayo? Yaliwezekana kwa sababu tulibadili bendera tukaiacha sheria. Mwaka 1966, Bunge la Kenya huru lilirekebisha Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, na kizuizini bila mashtaka kikarudi kupitia mlango ambao tulidhani tumeufunga. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alipoandika kijikaratasi cha kuuliza Kenya inakwenda wapi, alifungwa miaka 3, na kutoka katika dhiki ile tukapata mashairi ya "Sauti ya Dhiki". Mwaka 1982 nchi ikafanywa kisheria kuwa ya chama kimoja. Iliwabidi wananchi, mapadre, maaskofu, masheikh na mawakili wapigwe virungu mabarabarani hadi kifungu kile kikafutwa Desemba 1991, na hadi mwaka 1997 mamlaka ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka yakaondolewa katika sheria ile. Sisi tunaosema mbele yenu leo, ambao hatujafika miaka 50, tulikuwa watoto wa shule wakati ule. Tulikuta njia imefyekwa.

Na bado kuna jambo moja linalotutia haya. Chama cha Mau Mau kilibaki chini ya marufuku ya mkoloni hadi mwaka 2003. Gakaara alikufa mwaka 2001. Maana yake ni kwamba mtu huyu aliishi karibu miaka 38 katika nchi huru, akapewa tuzo mbele ya ulimwengu, akazeeka, akafa, na katika vitabu vya sheria vya taifa lake jambo alilofungiwa lilikuwa bado ni haramu.

Sasa turudi kwa mzee wetu na swali lake.

Mzee, tumekusikia. Dhuluma ya ardhi ya Lamu ni dhuluma, na mateso ya Gakaara hayaifanyi kuwa haki. Hatusemi, "Msahau yenu kwa kuwa na wengine waliteswa." Wala waliogawa ardhi bila kuwauliza wenyeji hawakumtendea mema Gakaara: utawala uliopuuza hati zenu ndio uliomkamata yeye akiwa mzee. Tatizo letu ni mkono unaotenda pasipo kuulizwa. Mkono huo leo unachukua shamba, kesho unachukua mtu.

Nanyi mnaujua. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambamo watu zaidi ya 60 waliuawa kikatili, na damu yao inalia mbele za Mungu, amri ya kutotoka usiku iliwekwa Lamu. Mvuvi wa usiku akawa mkosaji kwa kwenda kazini. Na katika miaka ile na iliyofuata, hapa Pwani, na tena mijini baada ya maandamano ya vijana ya mwaka 2024, watu walichukuliwa na wanaume wasiojitambulisha, na baadhi yao hawakuonekana tena.

Miongoni mwenu yuko mama ambaye mwanawe alichukuliwa hivyo. Ametupa ruhusa tuseme jambo hili bila kumtaja. Alipotujia mara ya kwanza, miaka iliyopita, tulimuuliza kama mawakili tulivyofundishwa: tarehe gani? Hakujua. Saa ngapi? Hakuwa na saa. Gari la namba gani? Walikuja kwa mashua. Tukafunga faili yetu tukamwambia kwamba ushahidi hautoshi. Hilo ni kosa letu, nasi tunalikiri hapa mbele ya watu wake.

Kwa maana yeye alituambia kitu ambacho hatukukisikia. Alisema: ilikuwa bamvua la kwanza baada ya Maulidi ya Riyadha, na maji yalikuwa yamejaa hata wakafunga mashua kwenye mnazi. Jana tulikaa naye mkekani tukahesabu. Bamvua hufuata mwezi, unapoandama na unapopevuka. Maulidi ya Lamu husomwa mwishoni mwa Mfungo Sita. Mwaka anaujua, kwa kuwa ndio mwaka alioozwa binti yake. Ndugu zetu, tarehe ikapatikana, kwa kukosea siku moja au mbili tu. Saa nayo ikapatikana, kwani maji ya bamvua hujaa kwa saa zinazojulikana na kila mvuvi aliyemo humu. Ushahidi ulikuwapo siku zote. Uliokosekana ni usikivu wetu.

Hiyo ndiyo sababu tumemleta Gakaara Kipungani. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London, serikali ile ilidai kwamba miaka imepita mno, kesi haiwezi kusikilizwa kwa haki. Tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo, na sababu yake kubwa ilikuwa wingi wa maandishi yaliyohifadhiwa, yakiwamo yale ambayo serikali yenyewe iliyaficha miaka mingi. Juni 2013 serikali hiyo ilisimama Bungeni ikaeleza majuto yake, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228. Karatasi iliishinda miaka. Mwenye nguvu huandika na kuficha. Mnyonge naye hana budi kuandika na kutunza.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

La kwanza, kila msikiti na kila kanisa liwe na daftari. Mtu akichukuliwa, iandikwe siku hiyo hiyo: jina, mahali, walioona, waliokuja walivaa nini, walikwenda upande gani. Kama hakuna tarehe, andikeni mwezi na maji.

La pili, ijueni Katiba ya 2010. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ibara ya 25 inasema kwamba haki ya kuiomba mahakama iamuru mtu aletwe mbele yake haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Gakaara hakuwa na ibara hizo. Ninyi mnazo. Lakini ibara haitembei yenyewe. Hupelekwa mahakamani na mtu mwenye miguu.

La tatu, msiiache nyumba ya aliyechukuliwa. Ibara ya 45 inaitambua familia kuwa msingi wa jamii, nalo ni neno la bure ikiwa jirani wanaogopa kubisha hodi kwa mke wake. Mpelekeeni unga na samaki. Walipieni watoto karo. Aliye ndani akijua kwamba nyumba yake imesimama, hata yeye hasimami peke yake.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Nyeri ina kovu, na Lamu ina kovu. Hatukuja kupima lipi refu zaidi. Tumekuja kusema kwamba yaliyoandikwa yanaweza kudaiwa, na kwamba mtu mmoja aliyefungiwa ng'ambo ya maji haya, mbali na mkewe na watoto wake, alilijua hilo mapema kuliko sisi wenye shahada.

Mzee wetu, tulipomaliza kuhesabu jana usiku, ulisema neno moja tu: "Basi leteni daftari." Tumelileta. Liko hapa mezani, kurasa zake ni nyeupe, na ukurasa wa kwanza tumemwachia mama.

Mungu awarehemu waliotangulia, awarudishe waliopotea, na azilinde nyumba zetu.